Mwalimu Mutegi Alitoa Sifuri

Jumanne, 1 Julai 2003

Wamevunja televisheni yangu. Naandika tena ili niamini — wamevunja televisheni yangu! Vioo vimetapakaa kuanzia mlangoni mpaka benchi la mwisho. Nimefagia tangu asubuhi na bado vinakwaruza chini ya viatu. Spika moja wameipasua tumbo. Jenereta iliwashinda kubeba, wakaimwagia mchanga kwenye tangi. Mchanga! Mtu anainama, anachota, anafungua kifuniko, anamwaga. Huyo si mlevi. Huyo ametumwa.

Na aliyemtuma namjua. Mwalimu Mutegi. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kila kitu hapa Ishiara. Jumapili alisimama mbele ya watu akasema kuna nyumba karibu na soko ambako vijana wanafundishwa kuua. Hakutaja jina. Ataje la nini, na nyumba ya video ni moja tu, yangu! Kanisa lote likanigeukia, hata yule wa kinanda.

Yote hii ni juu ya Kithaka, kijana anayeuza majani ya muguka stendi. Alivunjwa taya wiki iliyopita. Mutegi anasema aliyempiga alitumia teke la karate aliloliona kwangu. Uongo mtupu. Walikuwa wanagombania mahali pa kuweka meza. Na hakukuwa na teke, alipigwa na stuli.

Tangu bwanangu Riungu afariki ni hizi filamu zimenilisha. Zimemsomesha mwanangu Kiende mpaka akafika bweni huko Embu. Leo nimekaa katikati ya vioo kama kuku aliyenyonyolewa.

Sikulia. Nilisema tu, peke yangu, kwa sauti: Mutegi, utalipa. Haki ya nani, utalipa mbele ya watu walewale.


Alhamisi, 3 Julai

Nilienda kwa Chifu Mbaka. Nilidhani ataandika majina ya waliovunja. Alinisikiliza huku akijikuna sikio na ufunguo. Akasema kuwashika vijana wa kanisa kutaleta kelele. Akasema pia watu wamegawanyika — kuna wanaosema video ni sumu, kuna wanaosema vijana wasipokuwa video watakuwa kwa pombe ya chang'aa. Kwa hivyo ameunda kamati.

Kamati! Nimebomolewa nyumba, napewa kamati.

Kazi yake ni kutazama kila aina ya kipindi — karate, katuni, mieleka, mapenzi, habari, zote — na kusema ipi ina fujo kiasi gani. Ripoti itasomwa kwa baraza. Zitakazopita nitaruhusiwa kuonyesha, na chifu atawaambia vijana wanichangie televisheni nyingine. Zisipopita, nifunge kabisa.

Mwenyekiti? Mutegi. Nani tena. Wa pili ni Bulle, yule mfanyabiashara wa kutoka Maua mwenye duka la redio na kaseti, kwa sababu ndiye anatuletea filamu. Wa tatu mimi, "ili haki ionekane." Na tutatazamia wapi? Kwa Mutegi nyumbani, kwa sababu ana sola na skrini nzuri ambayo kijana wake alimtumia kutoka Nairobi. Ndiyo! Anayesema televisheni inaua anayo kubwa kuliko yangu.

Ningekataa. Lakini nikafikiria: nitaingia kwa huyu mtu. Nitakaa kwenye kiti chake. Mtu hafichi vitu vyote akiwa na mgeni anayetafuta.

Nikamwambia chifu asante sana.


Jumamosi, 5 Julai

Siku ya kwanza. Karate.

Sebule ya Mutegi ni safi mpaka unaogopa kupumua. Vitambaa vyeupe kwa kila kiti. Picha yake na wanafunzi wa zamani. Ametuwekea karatasi na kalamu kama watoto wa mtihani. "Tutatoa alama," akasema. "Sifuri ni amani. Kumi ni umwagaji damu. Mama Kiende, utajitahidi kuwa mkweli."

Nitajitahidi. Ngoja.

Filamu ikaanza. Mzee mmoja wa Kichina anauawa, mwanawe anaapa kulipiza, anafundishwa na kipofu mlimani, anarudi, anapiga kijiji kizima. Mutegi kila teke anaandika. Kalamu yake haikupumzika. Bulle alikuwa anakula karanga. Mimi nilikuwa nasherehekea kimya kimya — huyo kijana wa kulipiza, nilimwelewa kabisa. Nilitamani anikopeshe ule upanga.

Celina, mke wa Mutegi, alileta chai. Tuko naye kwaya moja, sauti ya pili, anaimba vizuri ila hasikiki. Alisimama kidogo kwenye mlango wa jikoni na sinia. Mtu mmoja kwa filamu akarushwa juu ya paa, akaangukia kwenye pipa la samaki. Celina akacheka! Kicheko kikubwa, cha msichana. Sijawahi kumsikia hivyo. Mutegi akageuza shingo tu. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

Mutegi alitoa kumi. Bulle tatu. "Mwalimu," akasema, "mtu akipigwa mateke hamsini na anaamka kupanguza vumbi, hiyo ni ngoma, si fujo." Mimi nikatoa mbili, kwa ubishi.


Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Mutegi alisoma somo. "Kisasi ni juu yangu mimi, asema Bwana." Alinitazama mimi moja kwa moja. Nami nikamtazama. Nikajisemea: Bwana ana kazi nyingi. Nitamsaidia.


Jumatano, 9 Julai

Leo nimefurahi. Kidogo tu nicheke njiani peke yangu.

Tulianza na katuni. Paka anamfukuza panya. Panya anamwangushia paka pasi ya moto, anamfungia kwenye jokofu, anamlipua na baruti. Mutegi alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Alama? Sifuri. "Burudani safi ya watoto."

Nikamuuliza, "Mwalimu, huyo paka amepondwa mara ngapi?"

"Ni paka wa kuchorwa."

"Na yule Mchina wa juzi aliamka. Na paka ameamka. Tofauti ni nini?"

Bulle akaweka kikombe chini ili asikie vizuri. Mutegi akapandisha mpaka mbili.

Halafu mieleka. Wanaume walionona, wamepakwa mafuta, wanapigana na viti. Hapo nikapata nafasi ya kusema kwamba Kithaka pia alipigwa na stuli, si teke, na kama ni mafunzo basi yalitoka kwa mieleka, ambayo mimi sionyeshi. Kwangu hakuna stesheni, ni kaseti tu. Inaonyeshwa wapi? Kwa wenye antena ndefu. Ishiara antena ndefu zinahesabika, na moja imesimama juu ya paa hili. Mutegi akasema tusonge mbele.

Habari ya saa saba ikaingia. Wezi wa ng'ombe, nyumba zinaungua, mama anaburuta godoro. Hakuna aliyeamka kupanguza vumbi. Nilitaka tutoe kumi. Mutegi akasema habari ni ukweli, na ukweli hauhukumiwi. Bulle akasema kwao walichoma nyumba za jamaa zake na hakuna kamera ilikuja, kwa hivyo hajui kama habari ina fujo nyingi au kidogo. Tukaiacha bila alama.

Mwisho Mutegi akaleta kaseti yake mwenyewe. Vita vya Agano la Kale, ile anayoonyesha vijana wa kanisa Pasaka. Ngai wangu! Vichwa vilikatwa. Jitu likaanguka na jiwe kwenye paji la uso, damu mpaka kwa miguu. Mji mzima ukachinjwa na ng'ombe zake. Nilingoja mpaka mwisho. Nikauliza kwa adabu, "Mwalimu, tuandike ngapi?"

"Hilo ni Neno. Sifuri."

"Mimi ni Mwislamu," Bulle akasema polepole, "na hao manabii nawaheshimu. Lakini wallahi hiyo ni tisa."

Mutegi akachomoa kaseti yake. Nimeanza kumla. Kipande kwa kipande.


Jumamosi, 12 Julai

Nimempata.

Wacha niandike kwa mpango.

Ilikuwa zamu ya mapenzi. Ile tamthilia ya Kimexico ambayo wanawake wote wa Ishiara wanaacha sufuria motoni kwa sababu yake. Bulle alikuwa ameirekodi. Mutegi akasema tukae na Celina pia, "kwa kuwa hii ni ya kina mama," na akacheka. Celina akakaa kwenye stuli karibu na jikoni, sinia ya vikombe magotini.

Sehemu yenyewe: kuna karamu kwa bwana mmoja mwenye shamba. Anacheza na mke wake, anambusu mkono, wageni wanapiga makofi. Wageni wanaondoka. Anawasindikiza mpaka mlangoni, anawatakia usiku mwema. Anafunga mlango. Anaweka ufunguo mezani. Halafu anavua saa. Polepole tu, anaiweka kando ya ufunguo. Mke anarudi nyuma mpaka kwenye ukuta. Hatuoni zaidi. Picha inahamia nje, kwenye mlango uliofungwa na maua. Hakuna kelele, ni muziki tu. Asubuhi mke anaonekana amevaa mikono mirefu, anamimina kahawa, na wote wanamwambia ana bahati ya bwana.

Nikasikia vikombe. Tik-tik-tik-tik. Nikadhani ni televisheni. Ilikuwa sinia ya Celina. Mikono yake ilikuwa inaruka na vikombe vinagongana, na macho hayakuwa kwa skrini. Yalikuwa kwa mkono wa kushoto wa Mutegi. Kwa saa yake.

Mutegi aliona ninaona. Akaingiza mkono mfukoni.

"Hii," akasema, "haina teke, haina silaha, haina damu. Mapenzi tu na huzuni kidogo. Sifuri." Akaandika kabla sisi hatujafungua mdomo.

Joto hili la Ishiara, kila mwanamke yuko na blauzi nyepesi. Celina yuko na sweta. Kila Jumapili ya mwaka, sweta. Na mimi niko nyuma yake kwa kwaya miaka yote hii na sijawahi kujiuliza.

Sasa najua. Mzee wa kanisa! Mwenye kuhubiri fujo! Nitaingia barazani na hili, nitalisema mbele ya chifu na mchungaji na wale vijana waliomwaga mchanga. Ataondoka Ishiara kwa miguu. Sijawahi kuwa na furaha mbaya namna hii. Ni tamu.


Jumapili, 13 Julai

Nilimngoja Celina kwenye bomba la maji baada ya ibada. Nikamsaidia kutwika mtungi. Nikamwambia nimeona.

"Umeona nini?"

"Mkono. Sweta."

"Niliteleza kwa ngazi ya ghala."

"Mtu anateleza mara ngapi, Celina?"

Akashusha mtungi. Aliwangoja wale wasichana wawili waliokuwa nyuma yetu wachote waende. Halafu akasema, si kwa hasira, "Ciakuthii, mimi nimeishi kwa hiyo nyumba kutoka Makandi akiwa tumboni. Makandi ameolewa Chuka. Hiyo miaka yote hujawahi kuniuliza chochote. Leo televisheni yako imevunjwa, unaniuliza."

Nikasema nataka kumsaidia.

"Unataka kunisaidia ama unataka kumwangusha?"

Akajitwika mtungi mwenyewe, kwa mkono mmoja, akaenda.

Nimekasirika naye. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimekasirika kwamba ameshika silaha yangu na hataki kunipa.


Jumatano, 16 Julai

Siku ya kukubaliana alama. Sijui nianzie wapi.

Mutegi alikuwa ameandika ripoti yote tayari, kwa mwandiko wake mzuri wa ubao. Karate juu kabisa, kumi. Mieleka saba. Sinema za Kinigeria za uchawi, ambazo tulizitazama jana kwa haraka haraka, sita. Katuni mbili. Habari haina alama. Neno sifuri. Mapenzi sifuri.

Bulle akasema hiyo ya mapenzi haikubali. Alisema katika zote tulizotazama, ni hiyo moja ilimkosesha usingizi, kwa sababu ana dada. Mutegi akamjibu kwa upole wa mwalimu, kama anayemweleza mtoto wa darasa la pili: fujo ni kitu kinachoonekana. Hakuna pigo lililoonekana. Kwa hivyo hakuna pigo.

Nilijua Celina yuko nyuma ya pazia la jikoni. Miguu yake ilikuwa inaonekana chini. Na mimi nikafanya makusudi. Nikapandisha sauti: "Basi tuulize wenye kipindi. Mwalimu ulisema ni ya kina mama. Mama yuko hapa. Celina! Njoo utuambie hii ni ngapi!"

"Hakuna haja," Mutegi akasema.

Pazia likasogea. Alikuwa na mwiko mkononi, una unga. Hakumtazama bwanake. Alitazama karatasi.

"Hiyo ndio mbaya," akasema.

Akaonyesha karatasi kwa mwiko.

"Karate ni mchezo," akasema. "Hiyo ya mapenzi ndio mbaya kuliko zote. Akivua saa. Ile kungoja akivua saa." Akashusha mwiko. "Andikeni kumi."

Bulle aliacha kutafuna. Mutegi akatabasamu! Tabasamu la kupigwa picha. Akasema Celina anapenda sana vipindi, atatuharibia hesabu. Akamwambia arudi angalie ugali usiungue. Akatushukuru kwa kazi nzuri. Akatusindikiza mpaka langoni, akatushika mkono, akatutakia safari njema.

Tukiwa barabarani nilitaka kuruka kwa shangwe. Bulle hakuwa anashangilia. Alisimama akageuka, akatazama ile nyumba.

"Umeona alivyotusindikiza?" akauliza.

Hapo ndipo nikaelewa. Nilirudi mbio mpaka langoni. Nikaita, nikasema nimesahau kalamu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikagonga. Mutegi akajibu kutoka ndani, sauti yake tulivu, "Tutakuletea kesho, Mama Kiende."

Niligonga tena. Redio ikawashwa, nyimbo za kanisa, sauti ya juu.

Nilisimama pale. Nilipaswa kupiga nduru. Nilipaswa kuvunja dirisha kama wao walivyojua kuvunja kwangu. Nilisimama tu na baadaye nikaondoka.


Ijumaa, 18 Julai

Celina hakuja mazoezi ya kwaya. Mutegi alituma ujumbe: homa.

Mke wa Kithaka anafagia zahanati. Amesema kilichomleta Celina asubuhi ni mkono, si homa. Umefungwa plasta. Alisema amekanyaga ganda la ndizi.

Mimi ndiye nilimwita atoke jikoni.

Nimenoa panga. Sijui la nini. Nimelinoa tu.


Jumatatu, 21 Julai

Mutegi amekuja kwangu. Hapa! Peke yake, kofia mkononi, akapangusa benchi na leso kabla ya kukaa. Akasifu jinsi nilivyosafisha.

Anasema baraza ni kesho. Anasema amefikiria na kuomba. Hakuna haja ya ugomvi kati ya Wakristo. Yuko tayari kushusha karate mpaka tano, ambayo ni kupita. Vijana wataleta televisheni mpya, ameshawaambia. Jenereta itaoshwa. Ninachotakiwa ni kutia sahihi ripoti, na mapenzi ibaki ilivyo.

"Na ya nyumba yangu," akasema, "ibaki kwa nyumba yangu. Hata wewe, Mama Kiende, uliolewa. Unajua."

Riungu hakuwahi kuniinulia hata kidole. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo maana ulikuwa mkaidi."

Nilimtazama shingo. Nyembamba, kama ya jogoo wa kuzeeka. Nilifikiria vitu ambavyo hata hapa siandiki. Wakiuliza kipindi gani kilinifundisha nitasema hakuna. Hii ilitoka kwangu mwenyewe.

Lakini lazima niandike na hili: nilitaka ile televisheni. Kwa muda kidogo niliona benchi zimejaa, Kiende akimaliza shule. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu la. Nikamwambia tutaonana barazani.

Baada ya yeye kwenda nilituma neno kwa Celina kupitia mke wa Kithaka. Sikusema nataka kumwangusha mtu. Nilisema nitanyamaza akitaka ninyamaze, nitasema akitaka niseme, na kwamba mlango wangu hauna kufuli tangu uvunjwe lakini nina mti wa kukazia.

Jibu lilikuja jioni. "Mwambie nimesikia." Basi.


Jumanne, 22 Julai, mchana

Naandika haraka.

Baraza lilijaa. Watu walitoka hata Kanja, wengine hawajui video ni nini, wamekuja kusikia ugomvi. Mutegi akasoma ripoti. Anasoma vizuri, hilo siwezi kumnyima. Karate tano, watu wakapiga makofi, vijana wangu wa video wakapiga mluzi. Akaendelea mpaka chini. "Vipindi vya mapenzi na familia — sifuri. Havina fujo ya aina yoyote."

Chifu akauliza kama kamati imekubaliana.

Bulle akasimama wa kwanza. "Mimi sikukubali. Kwa hiyo ya mwisho sikukubali." Akakaa. Minong'ono.

Nikasimama mimi. Nilikuwa nayo yote mdomoni, imepangwa tangu ile siku ya sinia, kila neno limenolewa. Nikamtafuta Celina. Alikuwa katikati ya kina mama, chini, mkono kwenye kitambaa. Nikamtazama nikamngoja. Watu wakaanza kusema, kwani amekuwa bubu? Chifu akasema, "Mama Kiende, sema." Mutegi alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama kiberiti karibu na nyasi.

Celina akatikisa kichwa. Hapana.

Nikameza. Haki, niliimeza kama mwiba. Nikasema tu, "Mimi pia sikukubali," nikakaa. Nililia kwa hasira mbele ya watu wote na nilijua wanafikiri nalilia televisheni.

Ndipo Celina akasimama. Mwenyewe. Alitumia ule mkono mzuri, akajivua sweta. Ilimchukua muda kwa sababu ya plasta, na hakuna mama aliyethubutu kumsaidia mpaka mke wa Kithaka alipoinuka akavuta ule mkono wa sweta. Chini yake blauzi ya mikono mifupi. Akageuka pole pole ili watu wa huku waone, na watu wa huku waone. Alama za zamani na mpya. Kijani, nyeusi, nyingine zimekuwa kovu.

Halafu akatoka. Akapita katikati ya watu na wakampisha. Hakufuata njia ya kwao. Alikuja huku sokoni, moja kwa moja kwangu, nami nikamkimbilia nyuma.

Sasa tuko ndani. Nimekaza mlango na ule mti. Celina amekaa benchi la mbele, lile la wanaopenda kukaa karibu na skrini. Aliniuliza kama nina chakula, hajala tangu jana. Nimempa githeri baridi kwenye sahani. Anakula na mkono wa kushoto, polepole, punje za mahindi zinamwangukia na anaziokota.

Nje kumejaa. Nimechungulia kwa ufa. Chifu Mbaka yuko, na wazee wawili wa kanisa. Bulle amesimama upande mmoja na watu wa stendi, Kithaka pia, taya bado imefungwa. Na mbele kabisa, karibu na mlango wangu, Mutegi. Hana kofia. Vumbi limempanda mpaka magotini. Ishiara yote inamtazama mgongo.

Hivi ndivyo nilivyomtaka! Hivi hasa. Panga liko nyuma ya mlango. Nikifungua sasa, nikisema neno moja, hao vijana watamrarua. Nimewaona nyuso. Ni neno moja tu.

Nilimwambia Celina hivyo. Nilimwambia, ukitaka. Akaendelea kutafuna. Akasema, "Usifungue. Na usiongee na mtu. Hii ni yangu."

Mutegi amegonga. Anasema, "Celina, toka twende nyumbani." Celina anatafuna tu. Mutegi anasema, "Mama Makandi, usinitie aibu." Chifu amemwambia kitu, sikusikia. Watu wamenyamaza hata mbuzi wa sokoni wanasikika.

Halafu amesema lingine, chini sana, karibu na ubao. Amesema tafadhali.

Celina ameacha kula. Ameweka sahani kando. Ameinua kichwa na uso wake sijawahi kuuona.

"Umesikia hiyo?" ameniuliza.

Nimesema nimesikia.

"Watu hawajasikia. Mwambie arudie."

Nimesimama mlangoni, panga nimeliacha lilipo, nimesema kwa sauti: "Mwalimu, rudia wasikie."